Mbuni una kiu: Ukame unavyofanya kazi ndani ya mti wa kahawa

SOMO LA KILIMO



Katika vihamba vya Mlima Kilimanjaro, kutoka Rombo mpaka Siha, kuna neno linalosikika kila mvua inapochelewa. Neno hilo ni, "Tung'oe kahawa." Baba anasema ing'olewe, tupande mahindi au nyanya. Mama anauliza, "Na ada ya shule itatoka wapi?" Kijana anasema ukame hautaisha. Babu ananyamaza, maana mibuni ile aliipanda yeye.

Sisi hatutamwamulia mtu shamba lake. Lakini tunasema hivi: kabla hujachukua shoka, ujue kwanza mti wako unaumwa nini. Mti uliokufa na mti wenye kiu si kitu kimoja. Wa kwanza ni kuni. Wa pili bado unaweza kukulipa.

Soma somo hili kidogo kidogo. Kama mpo wengi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mkifika penye jaribio, simameni, mkalifanye shambani.

1. MAJI YANAPITA WAPI?

Mbuni hunywa kwa mizizi. Mizizi yake mingi ya kulisha iko karibu na juu ya udongo, ndani ya sentimita 30 za kwanza. Hiyo ni kama urefu wa rula moja ya shule. Mizizi michache huenda chini zaidi. Kwa hiyo udongo wa juu ukikauka, mbuni unapoteza sehemu kubwa ya kinywa chake.

Kutoka kwenye mizizi, maji hupanda ndani ya shina mpaka kwenye majani. Je, nani anayavuta? Ni majani yenyewe. Maji yanatoka kwenye majani na kwenda hewani kama mvuke. Yanapotoka, yanavuta mengine nyuma yake, kama kamba inavyovuta ndoo kisimani.

Jaribio la kwanza. Tafuta chupa pana ya kioo, kama ile ya jamu. Asubuhi, jua likishatoka, chagua tawi dogo la mbuni. Ingiza majani mawili au matatu ndani ya chupa bila kulikata tawi. Ziba mdomo wa chupa kwa kitambaa. Subiri saa moja au mbili. Ndani ya kioo utaona ukungu, halafu matone. Maji hayo hukuyatia wewe. Yametoka kwenye udongo, yakapita kwenye mti.

Karibu maji yote ambayo mti unakunywa hutoka hivyo hivyo hewani. Ni kiasi kidogo tu kinachobaki ndani ya mti. Mtu anaweza kusema, "Basi mti una ubadhirifu!" Hapana. Maji hayo yana kazi mbili. Yanaleta mbolea kutoka ardhini, na yanapoza jani. Jani linatoka jasho kama wewe unavyotoka jasho ukilima.

2. MTI UNAFUNGA MADIRISHA

Chini ya jani la mbuni kuna matundu madogo mno. Huwezi kuyaona kwa macho. Wataalamu huyaita stomata. Sisi tuyaite vidirisha. Kwenye mbuni, vidirisha hivi viko upande wa chini wa jani tu.

Kupitia vidirisha hivyo maji hutoka. Kupitia vidirisha hivyo hivyo hewa ya ukaa huingia. Jani linachukua hewa hiyo, linachanganya na maji, linapika kwa moto wa jua. Chakula kinachopikwa ni sukari. Sukari ndiyo inayojenga shina, tawi, ua na punje ya kahawa.

Sasa ukame unakuja. Udongo unakauka. Mti una namna yake ya kujua. Hutengeneza kemikali ya kuonya, na ikifika kwenye majani vidirisha vinafungwa. Maji yanaacha kutoka ovyo. Mti unaokoa uhai wake.

Lakini hapo ndipo penye tabu. Mwenye duka akifunga mlango kwa kuogopa mwizi, mwizi haingii, lakini na mnunuzi haingii. Mbuni ukifunga vidirisha, maji hayatoki, lakini na hewa ya ukaa haiingii. Jiko linazimika. Mti unaishi kwa akiba, si kwa kipato.

Hivyo mbuni unaweza kuwa kijani kabisa na huku una njaa. Macho yako hayaoni, lakini mavuno yataonyesha.

3. HATUA TANO ZA KIU

Kiu haiji siku moja. Huja kwa hatua. Ukizijua, utaitambua mapema.

Hatua ya kwanza: mti unaacha kukua. Jani changa hukua kwa kusukumwa na maji yaliyo ndani yake, kama mpira wa baiskeli unavyojaa upepo. Maji yakipungua, msukumo hakuna. Majani mapya yanatoka madogo, na tawi halirefuki.

Hatua ya pili: majani yanalegea mchana na kusimama tena usiku. Asubuhi ukipita unaona mti mzima. Saa nane mchana ukipita unaona majani yamening'inia. Wakati huu mti bado unajiponya wenyewe. Ukiona majani yamelegea hata alfajiri, ujue mambo yameharibika.

Hatua ya tatu: jani linaungua. Halina jasho la kulipoza. Kingo zinakuwa kahawia, hasa majani yaliyo wazi juani.

Hatua ya nne: majani yanapukutika, kwanza yale ya zamani. Mti unapunguza midomo ya kulisha.

Hatua ya tano: matawi yanakufa kuanzia nchani. Hapa akiba imekwisha.

Mkulima hodari anaanza kazi kabla ya hatua ya pili. Anayesubiri hatua ya nne anafika msibani.

4. KUNA KIU YENYE FAIDA

Msishangae, ndugu. Mbuni unahitaji kiangazi kidogo. Vichipukizi vya maua vikishajitengeneza kwenye tawi, hulala. Vinahitaji wiki kadhaa za ukavu. Kisha mvua ya kwanza ikinyesha, vinaamka. Baada ya wiki moja au zaidi kidogo, shamba lote linakuwa jeupe kwa maua na harufu yake inafika barabarani. Kila mtu wa mlimani anaijua harufu hiyo.

Kwa hiyo ukavu mfupi kabla ya maua si adui. Adui ni ukavu unaokuja baada ya maua.

Ua likishafunga tunda, tunda hukaa dogo kwa wiki kadhaa, kama kichwa cha kiberiti. Kisha, kati ya wiki ya 6 na ya 16 baada ya maua, linavimba haraka. Wakati huo ndipo chumba cha punje kinapojengwa. Chumba kikiwa kidogo, punje haiwezi kuwa kubwa baadaye, hata mvua ije ya namna gani.

Hebu tuhesabu. Kama maua yalichanua katikati ya Novemba kwa mvua za vuli, wiki ya 6 inaangukia mwisho wa Desemba. Wiki ya 16 inaangukia mwanzo wa Machi. Katikati yake kuna nini? Kuna Januari na Februari, miezi ya jua kali kabla ya masika! Miezi hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa punje zako.

Na punje ni fedha. Kahawa yetu hupangwa kwa ukubwa kwenye chekeche: AA, kisha A, kisha B na kuendelea. Punje ndogo haifiki daraja la juu, hata kama uliichuma na kuikausha vizuri.

Jaribio la pili. Wakati wa kuchuma, tia kahawa mbivu kwenye ndoo ya maji. Zilizojaa huzama. Nyepesi huelea. Chuma debe moja kwenye mti wenye matandazo na kivuli, na debe jingine kwenye mti uliosimama juani juu ya udongo mtupu. Pima zinazoelea katika kila ndoo. Andika kwenye daftari. Mwaka ujao fanya tena.

5. UKAME MMOJA, MAVUNO MAWILI

Sasa tunafika penye kiini cha somo letu.

Miti mingi ya matunda ikiwa na shida huangusha matunda yake. Mbuni hauangushi kwa urahisi. Tunda la kahawa likishashika, linadai chakula mpaka mwisho. Likikosa cha majani, linanyonya akiba iliyo kwenye matawi na mizizi. Ni kama mtoto anayenyonya wakati mama hajala. Mtoto anaishi, mama anakonda.

Na zaidi ya hayo, mbuni hauzai kwenye mti wa zamani. Maua ya mwaka ujao hutoka kwenye sehemu ya tawi iliyoota mwaka huu. Kama mwaka huu tawi halikurefuka kwa sababu ya kiu, mwaka ujao maua yatatokea wapi?

Basi ukame wa mwaka mmoja unakula mavuno mawili. Mwaka wa kwanza unakula ukubwa wa punje. Mwaka wa pili unakula wingi wake.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mvua za mwaka wa pili zinakuwa nzuri, lakini mavuno ni kidogo. Mwenye shamba anasema, "Mvua ilikuwepo na bado kahawa haikuzaa. Miti hii imezeeka, ing'olewe." Kumbe mti unalipa deni la mwaka jana. Ukiung'oa mwaka huo, umemfukuza mfanyakazi siku moja kabla hajapona.

6. NI KIU AU NI UGONJWA?

Fedha nyingi hupotea kwa kununua dawa isiyohusika. Dawa haitibu kiu. Kabla ya kupiga dawa, geuza jani na tazama tunda.

Ukiona unga wa rangi ya machungwa chini ya jani, na ukifuta unabaki kidoleni, hiyo ni kutu ya majani.

Ukiona madoa meusi yaliyobonyea kwenye matunda mabichi, hasa wakati wa mvua na baridi, huenda ni chulebuni.

Ukiona majani yamelegea, hayana unga, na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Chimba kwa jembe kina cha kiganja kimoja, kamata udongo, finya. Ukishikamana, maji bado yapo. Ukimwagika kama unga, hayapo.

Lakini angalieni: mti wenye kiu hauna nguvu ya kujikinga. Wadudu kama bungua hupenda mti uliochoka. Kwa hiyo kagua na shina pia. Ukiona tundu na unga wa mbao chini yake, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba.

Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Lyamungu tangu mwaka 1934. Tangu mwaka 2001 kazi hiyo inafanywa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Wametoa aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Aina hizo ni nzuri na zinapunguza gharama ya dawa. Lakini kinga ya ugonjwa siyo kinga ya kiu. Mche mpya nao unataka maji, tena kuliko mti wa zamani, maana mizizi yake bado ni mifupi.

7. JOTO LA USIKU

Kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia. Huko iliota chini ya miti mikubwa. Hupenda ubaridi wa wastani wa nyuzi 18 hadi 22 hivi. Ndiyo maana wazee wetu waliipanda katikati ya migomba, chini ya mringaringa na mruka. Walijua.

Siku hizi joto limeongezeka, hata usiku. Usiku mti haupiki chakula kwa sababu jua hakuna. Unakula tu. Usiku ukiwa na joto, mti unakula zaidi, na asubuhi akiba imepungua. Mwaka 2015 watafiti waliochunguza kahawa ya arabika ya Tanzania walitangaza matokeo yao. Waliona kwamba kila joto la usiku linapopanda kwa nyuzi 1, mavuno hupungua kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Kwa eka moja ni kama kilo 55.

Vihamba vya chini, karibu na mpaka wa tambarare, vinaonja tabu hii kwanza. Huko joto ni kubwa na mvua ni kidogo kuliko juu. Mkulima wa huko ana sababu ya kufikiri sana kabla ya kupanda kahawa mpya. Mkulima wa katikati ya mlima ana nafasi kubwa zaidi ya kuiokoa aliyonayo.

8. HESABU YA DEBE

Wengine watasema, "Tutachota maji tumwagilie." Haya, tuhesabu.

Lita 1 ikimwagwa kwenye mita 1 ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 1. Eka moja ina mita za mraba kama 4,000. Mvua moja nzuri ya milimita 25 inaleta maji kiasi gani?

4,000 x 25 = lita 100,000.

Debe moja ni lita 20. Basi 100,000 gawanya kwa 20 = madebe 5,000.

Nani katika nyumba yako atabeba madebe 5,000 kichwani? Akina mama wanajua jibu. Kwa hiyo debe ni kwa miche michanga tu. Kwa shamba zima, dawa ni kuizuia mvua isikimbie ikishafika. Mvua moja ikiteremka mtoni na udongo wako, umepoteza madebe maelfu bila kuibiwa na mtu.

9. TUFANYE NINI?

Weka matandazo. Tandaza majani makavu ya migomba, magome yake yaliyokatwakatwa, au nyasi. Matandazo yanazuia jua lisikaushe udongo na yanapunguza magugu. Yakioza yanakuwa mbolea. Usiyarundike kwenye shina, acha nafasi kidogo. Yawekwe masika yanapoelekea mwisho na tena mwisho wa vuli, udongo ukiwa bado na maji. Ukitandika juu ya udongo mkavu, umefunika chungu kitupu.

Usilime kwa jembe kina kirefu karibu na mti. Kumbuka rula ya shule! Mizizi iko hapo juu. Palilia juu juu.

Linda kivuli, lakini kiwe chepesi. Jua lipenye kidogo kidogo. Giza likizidi, maua yanapungua. Mruka una faida nyingine, unaongeza rutuba ya udongo. Mkaratusi usiupande karibu na kahawa wala karibu na mfereji, maana unakunywa sana.

Punguza migomba iliyosongamana. Mgomba nao una kiu kubwa. Kila shina liwe na watatu: mama, mtoto na mjukuu. Wengine ng'oa.

Pogoa baada ya mavuno. Ondoa machipukizi na matawi yaliyokufa. Kila tawi lisilo na kazi ni mdomo wa bure.

Kinga maji kwenye mteremko. Chimba makingamaji kwa kukata mteremko, siyo kwa kuufuata. Panda nyasi za mifugo kwenye ukingo. Ng'ombe anapata chakula, udongo unabaki, na samadi yake inarudi shambani. Udongo wenye samadi hushika maji kama sifongo.

10. MFONGO NI WA WOTE

Wazee wa Uchagga walichimba mifongo zamani sana, kabla ya kahawa kufika. Waliteremsha maji kutoka mito ya msituni mpaka vihambani, wakawekeana zamu. Ndugu zetu wa Upare walijenga ndiva za kuhifadhi maji ya usiku ili yatumike mchana. Hiyo ni elimu ya watu wetu wenyewe.

Watu wengi wanadhani maji ya mifongo yanatoka kwenye barafu ya Kibo. Barafu inatoa sehemu ndogo sana. Maji mengi yanatoka kwenye msitu. Msitu hupokea mvua na ukungu, huyahifadhi, kisha huyatoa pole pole. Kwa hiyo anayekata mti msituni au kuuchoma anakausha mfongo wa jirani yake, na wake pia.

Jambo la mwisho ni zamu. Mwaka wa ukame ndio mwaka wa ugomvi. Wa juu anafungua maji usiku, wa chini anaamka na mfereji mkavu. Tumeeleza kwamba Januari na Februari ndizo wiki za punje kuvimba. Basi kikao cha mfongo kifanyike Desemba, kabla ya shida. Mfereji usafishwe na wote. Zamu ziandikwe kwenye daftari, na sasa wapo wengi wanaoweza kuzisoma. Zamu iliyoandikwa haina "nilisahau."

Haya, ndugu. Tulianza na shoka. Kama mibuni yako imezeeka kweli, au iko mahali pa joto kali pasipo maji, zungumza na mtaalamu na uamue na nyumba yako nzima. Lakini kama ina kiu tu, ipe matandazo, ipe kivuli, ipe misimu miwili. Ndipo uihukumu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Vidirisha (stomata): matundu madogo chini ya jani.
Hewa ya ukaa: hewa ambayo jani hutumia kupika chakula.
Matandazo: majani au nyasi zinazofunika udongo.
Makingamaji: mitaro inayozuia maji kukimbia kwenye mteremko.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mbuni unaweza kuwa wa kijani na huku una njaa?
2. Maua ya kahawa yako yalichanua mwezi gani? Hesabu wiki ya 6 na ya 16. Je, ziliangukia kwenye mvua au kwenye jua?
3. Shamba la nusu eka limepata mvua ya milimita 10. Ni madebe mangapi ya maji?
4. Kwa nini mavuno yanaweza kuwa kidogo katika mwaka wa mvua nzuri?
5. Katika kijija chenu, nani anaandika zamu za mfongo? Kama hakuna, nani ataanza?